Ndoo ya Shangazi Seipone

Tik. Kimya. Tik.

Koki ya jikoni ilikuwa ikidondosha maji kwenye beseni, gizani, na mimi nilikuwa macho nikiisikiliza, mguu wa binti yangu Sethunya umenikaa mbavuni kama mwiko. Kisha nikasikia kandambili za mama mkwe zikipita sakafuni taratibu, za mtu asiyetaka kuamsha wenzake. Tone lililofuata halikulia. Nilijua alichofanya: ametandika kitambaa ndani ya beseni. Lakini hakurudi kulala. Nikasikia kiti kikivutwa, kisha kijiko kikaanza kukwangua ndani ya birika, kwaru, kwaru, kutoa ule ukoko mweupe ambao maji ya mtaani kwetu huuacha kwenye kila chombo kinachochemshiwa.

Kazi ya birika ni ya Jumamosi jioni. Mama mkwe akikwangua birika kabla ya jogoo, ujue moyo wake hauko mahali pake.

Na nilijua ulikuwa wapi. Ilikuwa siku ya kumpeleka Sethunya Jichoni.

Jicho ni chemchemi yetu. Iko juu, nyuma ya mtaa, maji yanatoka chini ya mwamba bila kelele na bila kukoma, na wazee wanasema yalikuwa yakitoka hivyo hivyo tangu ng'ombe wa machifu walipokuwa wakinyweshwa pale. Siku hizi pamezungushiwa uzio, pana geti, mabenchi, njia ya watembea kwa miguu na njia ya baiskeli, na Jumapili watu wanakwenda na kuku wao wa kuchoma na redio. Lakini katika ukoo wa mume wangu, Modiri, Jicho halikuanza kuwa bustani juzi. Mtoto wa ukoo huu, kabla hajaanza shule, hupelekwa pale na mama wa baba yake. Bibi humnawisha uso kwa maji ya Jicho, kisha mtoto huchota kibuyu chake kidogo mwenyewe, akakibeba mpaka nyumbani, na kila mtu wa nyumba akanywa funda moja. Modiri alipelekwa. Dada wa baba yake, Shangazi Seipone, naye alipelekwa enzi zake, ingawa inasemekana alimwaga maji yote njiani akajaza kibuyu kwenye hori la mbuzi, na ukoo mzima ukanywa.

Shule inafunguliwa mwezi wa kwanza. Kibuyu cha Sethunya kilikuwa kimekwisha kusafishwa na kutiwa kamba. Aliyekosekana ni bibi.

"Mpeleke wewe na Seipone," mama mkwe aliniambia jioni ya kuamkia siku ile. "Mimi nitawangoja na chai."

"Kama Bibi haendi, siendi," Sethunya akasema, mdomo umejaa uji. "Na shule siendi."

"Shule utakwenda."

"Nitakwenda nimenuna."

Sababu ya mama mkwe nyumba nzima iliijua, ila hakuna aliyeitaja. Baba mkwe alipofariki, mama alivaa nguo nyeusi mwaka mzima, kama inavyotakiwa. Kwetu mjane ana joto. Hakatizi shamba la mtu, hapiti zizini, na zaidi ya yote hasogelei chemchemi, asije akaikausha. Mwaka ukiisha, wifi yake humwosha kabla jua halijachomoza, kwa dawa na maji yaliyochotwa kwenye chemchemi, nguo nyeusi zinachomwa, mtu anapoa, anarudi kuwa mtu kama watu. Aliyemwosha ni Shangazi Seipone. Ilikuwa katikati ya baridi, mama alitoka chumbani akitetemeka huku anacheka, amevaa gauni jipya la rangi ya samawati, na sisi tukapiga vigelegele mpaka mbwa wa jirani wakajibu.

Basi yangeishia hapo, kama si harusi ya binamu.

Harusini Shangazi Seipone alikunywa gemere, tangawizi yetu kali, na baada ya gemere akanywa kisichokuwa gemere. Akaanza hadithi.

"Wee wifi, unakumbuka baridi ya siku ile? Mimi huyo, ndoo kichwani, nimefika getini kwa Jicho, nakuta kufuli! Kubwa kama kichwa cha mbuzi! Mlinzi ananichungulia kwenye blanketi lake, ananiambia, mama, bustani inafunguliwa saa moja. Namwambia, baba yangu, mjane anaoshwa kabla ya jua. Ananiambia, basi liambie jua lingoje."

Watu wakaangua kicheko. Mmoja akauliza, "Ukafanyaje sasa?"

"Ningefanyaje? Nikajaza bombani pale kanisani, nikarudi mbio!"

Meza nzima ilicheka. Mama mkwe aliweka sahani yake chini, ina nyama bado.

Tangu siku ile akaanza kuzunguka, kama mjane ambaye bado hajapoa. Kufika dukani kuna njia fupi inayokatiza bustani za mboga za majirani. Yeye akawa anapita barabarani, juani. Mchicha wetu mwenyewe nyuma ya nyumba akaacha kuupalilia, akawa ananituma mimi, anasimama mlangoni ananielekeza kwa kidole. Nilimwambia aoshwe tena, tumalize. Akatikisa kichwa. Kuoshwa mara mbili, alisema, ni kumwita msiba wa pili, na wa pili angekuwa nani, Modiri huko mgodini?

Kisha mvua zikachelewa. Watu waliotoka bustanini wakaanza kusema Jicho limeshuka, kwamba kuna mstari mweupe kwenye mawe unaoonyesha maji yalikofika zamani na sasa hayafiki. Mama aliyasikia maneno hayo yote. Anaitazama tu mikono yake.

Mimi nasoma masomo ya jioni, namalizia elimu niliyoiacha nilipombeba Sethunya. Mwalimu wa jiografia alitufundisha kwamba maji ya chemchemi ni mvua iliyonyesha mbali, ikazama kwenye mwamba, ikatembea gizani miaka na miaka kabla ya kutokea. Nikakimbia nalo nyumbani kama mtu aliyeokota dhahabu.

"Mama, maji yanayotoka Jichoni leo ni mvua ya zamani, Baba akiwa hai. Huwezi kuwa umeyapunguza wewe."

Alinitazama kwa huruma. "Huyo mwalimu wako amefiwa na mume?"

"Ni mwanamume, Mama."

"Basi hajui." Akanimegea kipande kikubwa cha mkate, ili nisijisikie vibaya.

Ndiyo maana asubuhi ile nililala nikisikiliza kijiko na birika, na nikajua kwamba anataka kwenda kuliko sisi sote.

*

Shangazi Seipone alifika jua limekwisha panda, kofia ya majani kichwani, kikapu cha maandazi mkononi, na viatu vya michezo vya mwanawe wa kiume miguuni.

"Hodi humu! Mko tayari au niendelee kuzeeka hapa nje?"

"Ulisema utakuja mapema, Mama Shangazi," nikasema.

"Hii ndiyo mapema yangu. Wifi yuko wapi?"

Mama mkwe alikuwa kwenye kiti jikoni, amevaa gauni lile la samawati. Nililiona. Mtu wa kubaki nyumbani na chai havai gauni la kutokea.

"Wifi," Seipone alisema, akiinamisha kofia, "mimi najua una hasira na mimi."

"Sina hasira. Hasira ni ya watu wenye nguvu."

"Basi njoo unitukane njiani. Hapa kuna mtoto."

"Bibi," Sethunya alisema, na kibuyu shingoni kama tai, "twende tu. Kama hutaki kuona maji, ufumbe macho."

Mama alimtazama, akanitazama mimi, akasimama. "Nitafika mpaka kwenye geti la pili. Kwenye miti. Hapo nitakaa. Jicho sitalisogelea, na asinibembeleze mtu."

"Nani akubembeleze?" alisema Seipone. "Mzito hivyo."

Njia inaanzia chini, kwenye tangi kubwa la maji nyuma ya mtaa wetu, ambapo bustani ina kibanda cha kukodisha baiskeli. Mtu wa kibanda, Rra Tiro, yaani Bwana Tiro, mwanamume wa makamo mwenye ovaroli la kijani na masharubu anayoyatunza kuliko baiskeli, alimpa Sethunya baiskeli ndogo yenye kengele, na kengele ikalia tangu sekunde ile mpaka nikatamani kuwa kiziwi.

"Na mimi nataka," alisema Seipone.

Rra Tiro alimpima kwa macho, kuanzia kofia hadi viatu. "Mama, unajua kuendesha?"

"Kwani farasi nilikuwa namjua nilipompanda?"

"Ulipanda farasi?"

"Nilianguka. Lakini nilipanda kwanza."

Akapewa, naye Rra Tiro akachukua ya kwake na kusema atatusindikiza, kwa sababu, alisema, baiskeli ile bado anaipenda. Mimi nikachukua moja. Tukamgeukia mama, tukitegemea aseme atatembea. Alikuwa ameshika usukani wa baiskeli nyeusi ya zamani iliyokuwa imeegemea ukutani, anabonyeza tairi kwa kidole gumba, kama anavyobonyeza parachichi sokoni.

"Hii itanifaa ya kuegemea," alisema. "Magoti."

Tukaanza kupanda. Njia ni ya udongo mwekundu uliopigwa ukawa mgumu, kushoto vichaka vya miiba, kulia bomba kubwa la chuma lililolazwa juu ya mawe, lenye kutu, linalofuatana na njia mpaka juu. Bomba lile limekuwa pale siku zote. Watu hulikalia kufunga kamba za viatu. Mimi mwenyewe nililikalia Modiri aliponichumbia, na hata siku moja sikuuliza lina nini ndani.

Seipone alikwenda kama nyoka aliyekanyagwa mkia, huku na huku, akiomba njia kwa vichaka. "Pisheni! Pisheni! Breki iko wapi? Rra, breki!"

"Mkononi, mama! Mkononi!"

"Mkono upi?"

Akaingia kwenye kichaka, kofia ikabaki juu ya miiba. Ndipo nikasikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu harusi ile. Mama mkwe alikuwa anacheka, ameinamia usukani, machozi yanamtoka.

"Unanicheka, wifi?"

"Nacheka kichaka. Kimekosa nini?"

Baada ya hapo njia inashuka kidogo kabla ya kupanda tena. Sethunya alishuka akipiga kengele, mimi nikamfuata, na nilipogeuka kumtazama mama, sikumwona akitembea. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha baiskeli, gauni amelikunja upande mmoja na kulikalia, anashuka mteremko bila kukanyaga, mgongo umenyooka kama wa malkia. Kitambaa cha kichwani kinapepea. Akatupita sote.

"Bibi anajua!" Sethunya akapiga kelele.

"Nani alimfundisha?" nikamuuliza Seipone, aliyekuwa bado anatoa miiba kwenye mkono wa gauni.

"Kaka yangu," akasema. Sauti yake ilipungua. "Walikuwa wanakuja huku kabla Modiri hajazaliwa. Mama yetu alikuwa anasema mwanamke wa kupanda baiskeli hawezi kupika ugali mzuri." Akavuta pua. "Na ni kweli, ugali wake wa siku zile ulikuwa na mabonge."

*

Sethunya ndiye aliyetusimamisha. Alitupa baiskeli chini, kengele ikalia peke yake, akaweka sikio kwenye bomba la chuma.

"Bibi, kuna mtu anatembea humu."

Mama alishuka kwenye baiskeli, anahema, uso unang'aa. "Hakuna mtu. Acha, utajichafua kutu."

"Yupo. Sikiliza."

Akainama kumridhisha, akaweka sikio. Nilimwona akitulia. Alikaa vile kwa muda, mkono mmoja mgongoni kwa mtoto.

"Ni maji," alisema.

"Yanakwenda wapi?"

Mama aliinua kichwa. Alitazama juu bomba linakotoka, akatazama chini linakokwenda, kule tangi lilikosimama juu ya paa za mtaa wetu kama sufuria juu ya mafiga.

"Rra," alimwita Rra Tiro. "Haya maji yanakwenda wapi?"

"Kwenye tangi, mama. Na kutoka kwenye tangi, kwenu. Majumbani."

"Hapana. Maji yetu ni ya ofisi. Yanatoka kwenye ule mto mkubwa, yanaletwa na manispaa."

"Hayo ya mto ni ya upande wa pili wa mji, mama, kwenye maduka. Mtaa wenu bado mnakunywa kwa bomba hili la kizamani."

"Nani kakwambia?"

"Naona tu, mama. Likipasuka huku juu, mtaa wenu ndio unaokuja kunitukana."

Sikuthubutu kusema neno. Hata jiografia yangu niliificha. Seipone alifungua mdomo nikamfinya.

Mama aliiacha baiskeli pale pale njiani. Akaweka kiganja juu ya bomba akaanza kutembea, anapanda, mkono hautoki kwenye chuma, kama mtu anayemwongoza ng'ombe, au anayeongozwa naye. Sisi nyuma yake, tunasukuma baiskeli. Tukafika kwenye miti. Tukafika kwenye geti la pili, lile alilosema ndilo mwisho wake. Akalipita.

Nilimkazia Seipone macho anyamaze. Lakini kumnyamazisha Seipone ni kuzuia chafya.

"Wifi! Geti umelipita!"

Mama hakugeuka. "Nalifuata bomba. Silifuati Jicho."

Juu, bomba linaingia kwenye kijumba cha mawe cha zamani, chenye mlango mwembamba na kufuli. Pale linapoingia ukutani pana kiungo kinachovuja. Tik. Kimya. Tik. Chini ya kiungo, maji yalikuwa yamejenga kitu juu ya jiwe, kidogo kidogo, kwa miaka: ukoko mweupe, mnene, una mikunjo kama maziwa yaliyoganda.

Mama alichuchumaa. Akaukwangua kwa ukucha. Akaupeleka puani, kisha, kabla sijamzuia, mdomoni.

"Mama!"

"Birika," alisema.

"Nini?"

"Huu ni uchafu wa birika langu. Huu huu." Aliusugua katikati ya vidole. "Nimeukwangua maisha yangu yote ya ndoa. Nimeukwangua leo alfajiri. Mkiwa mmelala."

Sikuwa nimelala, lakini haikuwa saa ya kusema hivyo.

Akasimama, akageuka. "Seipone."

"Naam, wifi." Seipone alivua kofia. Nadhani alidhani matusi yake yamefika. "Wifi, nisamehe, mimi siku ile baridi, na yule mlinzi..."

"Nyamaza kwanza. Ile ndoo. Ulijaza kwenye bomba la kanisani?"

"La kanisani, wifi. Lile la nje, karibu na kengele."

"Bomba lile lina ukoko?"

"Wee!" Seipone alisahau kuomba radhi. "Ukoko? Birika la mchungaji limeziba mdomo! Ukimimina chai kwake unangoja mpaka unaokoka!"

Rra Tiro alikohoa kicheko chake ndani ya masharubu. Mimi nilimtazama mama. Uso wake ulikuwa unafanya kazi, kama wa mtu anayehesabu mishono ya fulana anayofuma. Kutoka chini ya mwamba, bombani. Kutoka bombani, kwenye tangi. Kutoka kwenye tangi, kanisani. Kutoka kanisani, kwenye ndoo, kichwani kwa mwanamke mvivu mwenye mbio, mpaka kwenye mgongo wake mwenyewe, kabla ya jua.

"Kwa hiyo uliniosha kwa maji ya Jicho," alisema.

"Mimi?" Seipone aliduwaa. Halafu akanyoosha mabega, akavaa kofia yake upya, vizuri, upande. "Sasa ulidhani ningekuosha kwa nini?"

"Usianze."

"Mimi wifi yako najua kazi yangu! Watu wanasema Seipone, Seipone..."

"Nimesema usianze!" Lakini alikuwa anacheka, na alimshika Seipone bega, akalitikisa, na Seipone akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, na Sethunya, asiyejua linalochekwa, akapiga kengele ya baiskeli ya Rra Tiro kwa niaba ya wote.

*

Jicho liko hatua chache tu nyuma ya kijumba. Nilifikiri sasa mama atakwenda moja kwa moja. Hakwenda. Akili ilikuwa imekubali, miguu bado. Alisimama kwenye nyasi, amenishika mkono.

Maji yalikuwa kijani kilichokolea katikati na meupe pembeni, yametulia hivi kwamba unaona kivuli cha samaki kabla ya samaki. Mstari wa kwenye mawe ulikuwapo, ni kweli. Maji yalikuwa chini yake kidogo, kina cha kiganja hivi.

"Limeshuka," mama alinong'ona.

"Mvua imechelewa, Mama."

"Najua mvua imechelewa." Akaukaza mkono wangu. "Ukiwa na jambo moja kichwani, hata mawingu unadhani yanakukimbia wewe."

Kando ya ngazi za mawe palikuwa na kibao cha bustani: USIINGIE MAJINI. Sote tulikisoma. Rra Tiro naye alikisoma, kana kwamba si yeye aliyekipigilia. Akatazama gauni la samawati, akatazama kibuyu shingoni kwa mtoto.

"Mama yangu naye alinileta hapa," alisema, akivuta sharubu. "Sisi wa ng'ambo ya kilima tunafanya hivyo hivyo." Kisha akasema kwa sauti ya kikazi, "Tairi la ile baiskeli nyeusi sijalipenda. Nakwenda kuliangalia. Mimi tairi huliangalia polepole sana." Akaondoka, ametugeuzia mgongo.

Mama alikaa kwenye ngazi ya juu akavua viatu. Akaviweka sambamba. Akavua soksi, akazikunja, akaziingiza ndani ya viatu. Alikuwa anachukua muda wake wote. Shangazi Seipone alisimama na kikapu cha maandazi amekikumbatia kifuani.

Nilimtazama yule mwanamke akishuka ngazi, peku, kisigino kimepasuka, mkono mmoja ukilishika jiwe. Nilimwomba Mungu, na kwa kuwa sikujua nani hasa anahusika na chemchemi, niliwaomba na wakubwa wote waliolala. Nataka mtoto wangu aende shule na jiografia kichwani, ndiyo, na ajue mvua inakotembea. Lakini nataka pia awe amenawishwa uso na mkono huu, si mwingine.

Mguu wa kwanza ukaingia. Maji yakapanda mpaka kwenye kifundo. Wa pili ukafuata. Samaki walitawanyika, wakafikiri, wakarudi, mmoja mdogo akaja kugusa kidole gumba cha mama.

Mama alikuwa amefumba macho.

"Sethunya," aliita. "Njoo karibu na Bibi. Niangalizie ule mstari. Maji yanafanyaje?"

Binti yangu alikivua kibuyu shingoni, akakiweka chini. Akachuchumaa kwenye ngazi ya mwisho, magoti yamegusana na masikio, akaukagua mstari. Akayakagua maji. Akaikagua miguu ya bibi yake ndani ya maji, mmoja baada ya mwingine, bila haraka, kama anavyofanya kila kitu isipokuwa kengele. Kisha akainua uso.

"Bibi, maji bado yapo."